Wabeba Boksi

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam kaka yake aliyeko Marekani anafanya kazi gani, mara nyingi utajibiwa kwa maneno mawili: anabeba boksi. Huenda huyo kaka anatunza wazee, anaendesha teksi au anaosha vyombo hotelini, na boksi lenyewe hajaligusa tangu afike. Yote hayo ni kubeba boksi. Kauli hiyo ina utani, ina wivu kidogo, na ndani yake imejificha heshima, maana hela ya boksi imesimamisha nyumba nyingi Kimara na Mbezi.

Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Nimesoma makabrasha mengi ya kampuni za vifungashio, yenye majani ya kijani kwenye jalada na mishale mitatu inayokimbizana, na karibu yote yanasema jambo moja: boksi ni rafiki wa mazingira kwa kuwa limetoka kwenye mti na linarejelezwa. Mti sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na hilo "linarejelezwa", lililokaa kana kwamba kazi hiyo hujifanya yenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Boksi halina miguu. Limebebwa kutoka kiwandani hadi dukani, na kama litarudi kiwandani litabebwa tena, safari hii na watu ambao hawamo kwenye makabrasha.

Nenda Kariakoo saa kumi na moja jioni, mtaa wa Kongo au Narung'ombe, wenye maduka wanapomaliza kufungua mzigo. Katoni za viatu, za vyombo, za chaja za simu, zimepasuliwa kwa wembe na kurushwa mlangoni. Hazikai. Siku niliyokwenda mimi alikuwa ameshafika mama wa makamo, kanga kaifunga kiunoni juu ya dera, na kijana wake akimsubiri na guta pembeni ya mtaro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kama unahama, mazima yako kule nyuma. Haya ya chini usihangaike nayo, ni ya kilo."

Kwa maneno hayo alikuwa amenipa somo ambalo makabrasha hayajawahi kunipa. Boksi zima na boksi la kilo ni bidhaa mbili tofauti. Boksi zima huuzwa moja moja, kwa anayehama nyumba, kwa anayetuma mzigo mkoani kwa basi, kwa mfuga vifaranga, kwa muuza mitumba ya watoto anayetaka kitu cha kupangia nguo. Boksi la kilo ni lile lililopasuka au kulowana, lisilofaa tena kuwa boksi. Linauzwa kama karatasi. Bei ya boksi zima ukiigeuza kuwa uzito inaishinda mbali ile ya kilo, kwa hiyo mama huyu hachani boksi zima hata siku moja. Wataalamu wa mazingira huandika kwamba kutumia tena kitu kabla ya kukichakata ndiyo njia bora. Yeye hajawasoma, na hana haja.

Kisha alinionyesha jambo la pili. Aliokota boksi la kahawia iliyokolea, akalichana kona taratibu. Ukingo uliochanika ulitoka na manyoya marefu, kama pamba inayovutwa. "Hili lina nyama," akasema. Akaokota lingine, la rangi ya vumbi, lenye maandishi ya Kichina ubavuni. Lilikatika ghafla kama biskuti. "Hili limechoka."

Limechoka kweli. Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana. Uzi wa paina una urefu wa kama milimita 3, wa mkaratusi ni kama milimita 1, na nguvu ya boksi inategemea sana urefu huo. Kila boksi linaporudi kiwandani, likavurugwa majini na kukaushwa upya, baadhi ya nyuzi hukatika. Zinazobaki nazo huwa ngumu. Kuta zake hujikunja ndani na hazinywi maji kama mwanzo. Mpishi yeyote anajua maharage ya zamani ambayo hata ukiyaloweka usiku kucha hayavimbi. Uzi uliokaushwa mara nyingi ndivyo ulivyo, na uzi usiovimba haushikani vizuri na mwenzake. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba uzi unavumilia mizunguko mitano hadi saba. Siku hizi kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, wanaosema unafika 25 na kupita. Utafiti huo ulidhaminiwa na wenye viwanda vya katoni. Sisemi ni uongo. Nasema tu kwamba mama wa Kariakoo hauzi katoni mpya, na aliliona lililochoka kwa kulichana kona.

Hapa inafaa tulifungue boksi lenyewe, kwa kuwa wengi tumelishika maisha yetu yote bila kuliangalia ubavuni. Ni karatasi tatu. Mbili zimenyooka, ya nje na ya ndani, na katikati yake imebanwa ya tatu yenye mawimbi kama bati la paa. Kwa mkato wa kawaida mawimbi hayo yana kimo cha takriban milimita 4, na sehemu kubwa ya unene wa boksi ni hewa. Ndiyo akili yake yote: kila wimbi ni tao dogo, na tao hubeba mzigo kwa umbo kuliko kwa uzito. Kama kuna jambo la kulisifia boksi bila masharti ni hili, kwamba lilijifunza kutumia malighafi kidogo kabla mtu yeyote hajatunga neno uendelevu.

Mawimbi hayo hayakuanza na mizigo. Mwaka 1856 Waingereza wawili, Healey na Allen, walipewa hataza ya karatasi yenye mikunjo kwa ajili ya kofia ndefu za mabwana. Mikunjo ilikaa ndani ya utepe wa kofia, kichwa kikapata hewa. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York akaona kwamba kitu kinachositiri paji la uso kinaweza kusitiri chupa na vioo vya taa. Miaka mitatu baadaye Oliver Long akabandika karatasi iliyonyooka juu ya mawimbi yasifumuke. Na mwaka 1879 Mjerumani Carl Dahl akagundua namna ya kupika vipande vya mbao kwa dawa zenye salfa, nyuzi zikatoka ndefu na imara. Karatasi yake ikaitwa krafti, neno ambalo kwa Kijerumani maana yake ni nguvu.

Gundi ndiyo sehemu niipendayo. Zamani walitumia dawa za chumvi za silika. Miaka ya 1930 kampuni ya Stein Hall ya Marekani ikaleta gundi ya wanga wa mahindi, na siri yake ni ile ya kila jiko la Tanzania. Unapika kwanza uji mwepesi. Ndani ya uji unatia unga mbichi. Uji unaushikilia unga usituame chini, na moto ukifika, unga unaiva palepale na kuwa mzito. Kiwandani uji huo hupakwa kwenye vilele vya mawimbi, karatasi inapita kwenye vyuma vilivyopashwa moto kwa mvuke, na kufumba na kufumbua ugali umeiva kati ya karatasi mbili. Ndiyo maana boksi likiloa linaachana kwa urahisi, na ndiyo maana linarejelezwa bila taabu ya gundi. Ndiyo maana pia panya na mende hulipenda. Usihifadhi vyeti vyako humo.

Kabla ya boksi kulikuwa na kreti la mbao. Reli za Marekani zililipendelea hilo, zikawatoza zaidi wafanyabiashara waliosafirisha bidhaa kwa maboksi ya karatasi, mpaka kampuni ya Pridham ya Los Angeles ilipolalamika kwenye tume ya serikali iliyosimamia biashara kati ya majimbo. Mwaka 1914 tume iliamua kwamba ubaguzi huo si halali. Tangu hapo kreti likaanza kurudi nyuma na boksi likatamba.

Huwa hatujiulizi tulipoteza nini siku ile. Kreti liliweza kwenda safari nyingi. Boksi ni la safari moja. Waafrika Mashariki tunaijua tofauti hii vizuri, kwa sababu kreti la soda bado tunalo. Chupa tupu hailali mtaani usiku. Mtoto huiokota, mwenye duka huipokea, gari la jumla huichukua, na hakuna aliyehubiriwa mazingira: kreti lina hela ya watu ndani yake, na asiyelirudisha amepoteza hela. Boksi halina dhamana ya namna hiyo. Linarudi kwa bei ya kilo tu, na bei ya kilo haipangwi Kariakoo.

Inapangwa wapi? Njia yake ni ndefu. Mwaka 1990 mwanamke wa Kichina anayeitwa Zhang Yin, aliyekuwa akifanya biashara ya karatasi chakavu Hong Kong, alihamia Los Angeles. Yeye na mumewe walizunguka kwenye majalala kwa gari dogo kuukuu wakitafuta wa kuwauzia maboksi yaliyotumika. Aliona mambo mawili yaliyokuwa wazi kwa kila mtu. Marekani ilikuwa na misitu mikubwa ya paina na kwa hiyo maboksi yenye nyama. Na makontena yaliyoleta bidhaa kutoka China yalikuwa yakirudi matupu, nauli yake chee. Akayajaza taka. Mwaka 1995 alianzisha kiwanda chake, Nine Dragons, katika mji wa Dongguan, na mwaka 2006 orodha ya Hurun ilimtaja kuwa tajiri namba moja China nzima, mwanamke wa kwanza kufika hapo. Kwa miaka mingi kampuni yake ya kukusanya karatasi chakavu iliongoza kwa idadi ya makontena yaliyotoka Marekani kwenda nje. Nchi yenye viwanda vya ndege na kompyuta, na aliyejaza makontena mengi kuliko wote alijaza maboksi matupu.

Basi hesabu safari. Paina imekatwa Georgia, imekuwa boksi, Mtanzania anayebeba boksi amelibeba kwelikweli ghalani Houston, limetupwa, limevuka bahari, limekuwa rojo Dongguan, limekuwa boksi jipya, limetiwa viatu, limeshushwa bandarini Dar es Salaam, limepasuliwa mtaa wa Kongo, na sasa liko miguuni kwa mama mwenye kanga akisema limechoka. Ana haki ya kusema hivyo.

Mzunguko huo ulikatwa na serikali ya China. Julai 2017 iliarifu Shirika la Biashara Duniani kwamba itazuia aina kadhaa za taka. Kuanzia Januari 2018 karatasi mchanganyiko zisizochambuliwa zikapigwa marufuku, na Machi mwaka huo ikaanza kutumika amri kwamba uchafu usizidi nusu ya asilimia moja ya robota. Tarehe 1 Januari 2021 mlango ukafungwa kabisa kwa taka ngumu zote. Bei ya karatasi chakavu Marekani ilianguka, na miji kadhaa iliacha kukusanya kwa kuwa haikulipa tena. Nine Dragons yenyewe ilikuwa imeshasoma alama za nyakati: mwaka 2018 ilinunua viwanda huko Maine na Wisconsin, ikaenda kutengenezea rojo kulekule kwenye nyuzi.

Jambo lililonichekesha lilikuja baadaye. Chama cha viwanda vya karatasi cha Marekani kilikuwa kikitangaza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maboksi ya nchi hiyo yanarejelezwa. Kilipobadilisha namna ya kuhesabu, takwimu ya mwaka 2023 ikawa kati ya asilimia 71 na 76. Watu hawakuwa wameacha kurudisha maboksi. Ni kwamba hesabu ya zamani haikuyaweka kwenye jumla maboksi yanayoingia nchini yakiwa yamefunga bidhaa za nje, ingawa yalipotupwa na kuokotwa yalihesabiwa kama mavuno. Ukivuna shamba la jirani pamoja na lako halafu ukagawanya kwa ekari zako peke yake, lazima uwe mkulima hodari. Asilimia 71 bado ni kiwango ambacho plastiki haitakiota. Ila ndiyo sababu nikisikia tarakimu nzuri kuhusu boksi huuliza kwanza maboksi ya wageni yamekaa upande gani.

Turudi kwa mama. Usiku anapeleka mzigo godauni, kwa mnunuzi mwenye mizani. Nilikaa kwenye godauni moja kama hilo nusu siku, na nitakachosema ni kwamba pale kila mtu anajua mchezo wa mwenzake. Wauzaji huyamwagia maji maboksi ya katikati ya fungu, kwa kuwa karatasi hunywa maji na maji yana uzito. Mnunuzi naye hutumbukiza mkono hadi kwenye kwapa, anapapasa, anakata kilo kadhaa "za unyevu" kwa kukisia, na makisio yake hayajawahi kumpunja yeye. Mzani wenyewe una jiwe la kuusawazisha ambalo hakuna aruhusiwaye kuligusa. Siku hiyo kijana mmoja alibishana kuhusu kilo nne. Alishindwa. Mlangoni alinigeukia akanong'ona, "Kaka, maji niliweka ya kilo sita," akaenda zake akipiga mluzi.

Marobota yakifika kiwandani hutumbukizwa kwenye pipa la chuma kubwa kama chumba, lenye panga linalozunguka chini, blenda kwa kweli, na kwa dakika chache boksi linakuwa uji wa kahawia. Humo ndimo dhambi zote huonekana. Wafanyakazi huacha kamba ikining'inia ndani ya uji. Selotepu, waya, nyuzi za magunia na vipande vya nailoni hujisokota juu yake, na winchi inaivuta polepole kutoka juu. Inatoka kamba nene kuliko paja la mtu, nyeusi, inayochuruzika, inayong'aa kwa selotepu. Tuliyoyasahau kwenye maboksi yamo humo. Mafuta ya chipsi hayapandi kwenye kamba. Yanabaki kwenye rojo na kufanya madoa. Nta ni mbaya zaidi: boksi lililochovywa nta lisilowe, kama yale ya samaki na mboga za barafu, viwanda vingi haviligusi.

Hapo wengine hukimbilia hitimisho kwamba karatasi iliyorejelezwa siku zote ni safi kuliko mpya. Si rahisi hivyo. Kiwanda cha krafti kinachopika mbao hubaki na maji meusi yenye gundi ya asili ya mti, huyachoma, na kwa moto huo hujiendesha kwa sehemu kubwa, huku kikirudisha dawa zake zitumike tena. Kiwanda cha maboksi chakavu hakina mti wa kuchoma. Kinanunua umeme, kinachoma makaa au gesi. Kwa tani moja kinatumia nishati pungufu, lakini nishati hiyo inaweza kuwa chafu zaidi, kutegemea nchi. Na bila nyuzi mpya kuingia mahali fulani, mzunguko mzima ungechoka kama boksi la yule mama. Wanaopinga kukata mti wowote na wanaodharau waokota maboksi, wote wamekosea kwa namna moja: wanadhani nusu moja ya kazi inaweza kuishi bila nyingine.

Nyuzi mpya kwetu zinatoka wapi? Kwa Tanzania jibu liko Mufindi. Shamba la miti la Sao Hill ndilo kubwa kuliko yote ya serikali, na paina zake ndizo zilizofanya kiwanda cha karatasi kijengwe Mgololo miaka ya 1980. Kilikuwa cha umma, kikakwama, na mwaka 2004 kikauzwa. Sasa kinatoa karatasi ya krafti. Ukiwa umezoea maboksi yaliyochoka, karatasi hiyo ukiichana unasikia tofauti mkononi.

Kenya ilikuwa na Webuye. Panpaper ilianza uzalishaji mwaka 1974 kando ya mto Nzoia, na mji ulikua juu ya mshahara wake. Kwa miaka wakazi walilalamika juu ya harufu, na juu ya moshi waliosema unayala mabati ya nyumba zao. Nikifikiria boksi na bati, ndugu wawili wa mawimbi, mmoja akizaliwa kwa kumtoboa mwenzake, nashindwa kusoma kabrasha la kijani bila kukunja uso. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009 na kuuzwa mwaka 2016. Waliolalamikia moshi walikuja kulalamikia kutoweka kwake, na walikuwa na haki mara zote mbili.

Kuna maboksi mengine ambayo mama wa Kariakoo hatayaona kamwe, nayo ndiyo bora kuliko yote tuliyo nayo. Parachichi za kwenda Ulaya hupangwa kwenye maboksi ya kilo 4. Maboksi hayo hupandishwa juu ya paleti safu 20 na zaidi, kwa hiyo boksi la chini limebeba kilo 80 hivi kichwani, ndani ya kontena la baridi, wiki kadhaa baharini. Baridi hiyo ina unyevu, na unyevu ni adui wa karatasi: hewa ikifika asilimia 90 ya unyevu, boksi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwa nayo kwenye hewa kavu. Likilegea boksi la chini, safu zote zinakaa kitako. Kwa hiyo wauzaji hawathubutu kutumia boksi lililochoka. Wanataka nyuzi ndefu. Na hapa nakubaliana nao kabisa. Kuna wanaohesabu kila gramu ya boksi na kudai lipunguzwe, wakasahau kwamba ndani yake kuna maji ya mtoni, mbolea, jasho la mwaka mzima. Paleti moja ya parachichi zilizopondeka Rotterdam ni hasara kwa dunia kuliko maboksi yaliyoongezwa unene kidogo.

Lakini angalia kilichotokea kwa nyuzi. Parachichi zimeliwa, boksi limetupwa, na Ulaya wanaokusanya zaidi ya asilimia 80 ya vifungashio vyao vya karatasi wamelichukua. Nyuzi ndefu zimekwenda, nazo zimebaki huko. Kwenye ankara ya mkulima hakuna mstari wa nyuzi. Sisi tunasafirisha boksi lenye nyama na kupokea lililochoka, na kwenye vitabu vya biashara yote mawili yameandikwa sifuri.

Ulaya wenyewe wana shida nyingine, ya hewa. Mnunuzi wa mtandaoni anaagiza kalamu moja, inakuja kwenye boksi la kutosha jozi ya viatu. Kanuni mpya ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa sheria Februari 2025, inataka kuanzia mwaka 2030 nafasi tupu katika boksi la namna hiyo isizidi nusu. Nusu! Kwamba wamehitaji sheria ili boksi lisiwe na hewa zaidi ya bidhaa inaonyesha karatasi ilivyo rahisi kwao. Dukani Kariakoo utatafuta sana kabla ya kupata boksi lenye nafasi. Viatu vimesokomezwa soksi, soksi zimesokomezwa vibanio.

Rwanda ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, karatasi ilipata sifa mpya. Ilistahili, kwa kuwa boksi likikwama mtaroni huoza, na mfuko wa nailoni hauozi. Ila sifa hiyo imetufanya tuliangalie boksi kama kitu kisicho na gharama, kinachoweza kutupwa bila dhambi. Mwaka 2024 Kenya ilitoa kanuni za kumwajibisha mzalishaji, yaani anayeingiza kifungashio sokoni achangie gharama ya kukiondoa. Nazingojea nione fedha hizo zitaishia wapi. Zikilipa ofisi, magari na semina, boksi halitakuwa limesogea hatua moja. Zikitumika kuishika bei ya kilo isiporomoke kila China au Marekani inapokohoa, na kuweka godauni mizani iliyokaguliwa, basi kreti la soda litakuwa limepata mdogo wake.

Nilipoagana na yule mama giza lilikuwa limeingia. Kijana alikuwa amepanga mzigo kwenye guta hadi juu ya kichwa chake na kuufunga kwa kamba ya manila. Boksi moja lilibaki chini, la televisheni, zima, pembe zake bado kali. Nilidhani wamelisahau.

"Hilo la nyumbani," mama akasema. "Kesho linakwenda Korogwe, kwa bibi yake huyu."

Alikuwa ameshalitia sukari, miche ya sabuni na viatu vya shule vya watoto wa dada yake. Ubavuni palikuwa na jina la mtu wa Mwanza na namba ya simu, vimekatwa kwa mistari miwili ya kalamu nene. Juu yake, kwa mwandiko wa kijana, jina la bibi na namba nyingine. Alilifunga selotepu, akaliinua begani, na mshale uliochapwa Guangzhou kuonyesha upande wa juu ukawa umeelekea chini.